Maswali tunayoulizwa mara kwa mara: wakili, mkaguzi wa hesabu na kiharusi kimoja

Mume wangu ni wakili, mimi ni mkaguzi wa hesabu. Miaka sita iliyopita, yeye akiwa na miaka 47, kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo. Kilimwachia mkono wa kulia mzito kama mzigo wa mtu mwingine, na maneno yasiyozidi kumi. Tangu hapo wake na waume wa wagonjwa wengine hututafuta, na maswali yao yanafanana mno, nikaona heri niyaandike mara moja. Majibu ni yangu. Yeye ameyapitia yote, akakata mistari kadhaa kwa kalamu nyekundu kama anavyoifanyia mikataba ya watu, nami nimemwachia. Sisi si madaktari. Penye suala la dawa, mwulizeni anayewatibu.

Mlijuaje kuwa ni kiharusi?

Hatukujua, na hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Alikuwa mbele ya kioo akifunga shati. Kifungo cha tatu kikamshinda. Akakijaribu, kikateleza, akakijaribu tena. Nikamuuliza kuna nini, akanijibu "kesho, kesho". Nikadhani ananitania. Kisha nikaona mdomo wake umeshuka upande mmoja, na hata hivyo nikamwambia alale kidogo apumzike. Dakika arobaini zikapita.

Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kukorogeka: mojawapo likitokea ghafla, ni hospitali papo hapo. Viharusi vingi, takriban 85 kati ya 100, hutokana na mshipa kuziba, na vilivyobaki hutokana na mshipa kupasuka. Mshipa mkubwa ukiziba na mgonjwa asitibiwe, ubongo unakadiriwa kupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Zidisheni kwa arobaini. Mimi nimeshazidisha.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwa baadhi ya wagonjwa madaktari huweza kulivuta bonge lenyewe kwa mrija mwembamba hata ndani ya saa 24. Ndiyo maana mtaulizwa mapema sana: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Basi iangalieni saa. Wala msimpe aspirini mkiwa nyumbani. Kabla ya kipimo cha kichwa hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au unavuja, na kama unavuja mtakuwa mmeuongezea.

Atapona lini?

Tuliuliza hivyohivyo, daktari akakohoa. Sasa namwelewa. Kwa wengi, maendeleo ya haraka huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, mpaka kama sita hivi, kisha mwendo unapungua. Kupungua si kusimama. Mume wangu alianza kushika kikombe kwa mkono wa kulia mwaka wa pili.

Msije mkamkimbiza siku ya kwanza, lakini. Kuna utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulioonyesha kuwa wagonjwa waliosimamishwa na kutembezwa kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza hawakuendelea vizuri kama walioanza polepole. Mwingine wa mwaka 2021, mdogo, ulikuta kuwa mazoezi ya ziada ya mkono yalileta faida kubwa zaidi yalipoanza miezi miwili hadi mitatu baada ya kiharusi. Kwa hiyo siku za mwanzo ni za kutulia na kufuata wataalamu. Kinachofuata ni kazi ngumu, kitendo kilekile mara mia, kwa sababu ubongo hujipanga upya kwa kurudia.

Kuna mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, Jill Bolte Taylor, aliyepata kiharusi tarehe 10 Desemba 1996 akiwa na miaka 37. Alisema ilimchukua miaka minane kupona. Mtu anayeujua ubongo kwa taaluma! Mume wangu aliposoma hilo alicheka kwa furaha, akanionyesha vidole vinane.

Haongei. Je, anaelewa tunachosema?

Inategemea palipoumia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", kwa kila jambo, ilhali akielewa mengi aliyoambiwa. Jeraha lilikuwa mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza hali ya kinyume chake: maneno yanamwagika kama maji lakini hayana maana, na mgonjwa haelewi vizuri anachoambiwa. Hali hizi na nyingine za jamii hiyo huitwa afasia. Ya mume wangu inakaribia ile ya Broca. Alinielewa karibu yote, ila neno alilolitaka lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Akili haijaenda popote. Naliandika hili kwa herufi nzito moyoni, maana watu wazima na elimu zao walisimama kando ya kitanda wakanisemesha mimi habari zake kana kwamba yeye ni samani. Mmoja alimpigia kelele, kama vile amekuwa kiziwi.

Msishangae maneno yatakayotangulia kurudi. Kuhesabu, siku za wiki, nyimbo na sala, hayo mara nyingi husalimika, kwa kuwa hujiendea yenyewe bila kutafutwa. Matusi vilevile. Mume wangu, mtu wa "mheshimiwa" na "kwa ruhusa yako", alitamka tusi safi kabisa wiki ya pili mbele ya muuguzi, kisha akashika mdomo. Nililia kwa furaha. Wapo wataalamu wa tiba ya usemi wanaotumia njia hiyohiyo ya wimbo: mgonjwa anaimba sentensi fupi huku akipiga mapigo kwa mkono, na baadaye wimbo unaondolewa kidogokidogo.

Maneno pia hubadilishana viti. Kwa muda wa miezi miwili mimi niliitwa "Faili". Alijua mimi ni mke wake, alinitazama mimi, akataka kuita jina langu, likatoka "Faili". Niliitika. "Ndiyo" na "hapana" navyo vilipishana, jambo la hatari kidogo unapouliza kama ameshakunywa dawa, kwa hiyo tukakubaliana kidole gumba juu au chini kithibitishe. Akisema "kiti yangu" au "watu imekuja" sikumsahihisha. Ujumbe umefika, ngeli zitajijua zenyewe.

Yaliyotusaidia: kuzima televisheni kabla ya kuzungumza, swali moja kwa wakati, daftari na kalamu mezani, na kutokujifanya umeelewa kama hujaelewa. Lililo gumu kuliko yote ni kusubiri. Mimi ni mtu wa kumaliza mambo, na nilikuwa nammalizia sentensi zake kabla hajafika nusu, nikidhani ninamhurumia. Siku moja aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda: NYAMAZA. Tangu siku hiyo nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mara nyingi anafika kwenye saba.

Nimsaidie au nimwache ajifanyie mwenyewe?

Mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo alinipa jibu ambalo sikulipenda: "Mama, kaa juu ya mikono yako." Nikakaa, kweli, kwenye ukingo wa kitanda, viganja chini ya mapaja, huku mume wangu akipambana na shati lilelile la siku ile. Kwanza mkono uliolegea unaingia kwenye mkono wa shati, kisha ule wenye nguvu. Wakati wa kuvua ni kinyume chake, wenye nguvu unatangulia kutoka. Kisha vifungo. Cha kwanza kilichukua dakika mbili. Cha tatu kilimtoa jasho. Jumla ilikuwa dakika kumi na moja, nami nilikuwa na kikao saa tatu kamili. Nilichelewa kwenye kikao. Alipomaliza, shati lilikuwa limepishana tundu moja, likavaliwa hivyo mpaka jioni.

Siku nyingine nilimfungia mimi, kwa sababu maisha ni marefu. Ninachosema ni kwamba ukimfungia kila siku, mkono hautajifunza, na yeye atazoea kuwa mtoto wako. Pale penye usalama, msaidie bila aibu: bafuni, ngazini, na kumeza. Kama anakohoa kila akinywa maji, au sauti yake inakuwa na majimaji baada ya kumeza, mwambieni daktari kabla ya kumpa kitu kingine, kwani chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Na kamwe msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lililokosa misuli ya kulishika huteguka kwa urahisi, na maumivu yake hukaa miezi.

Wenye wagonjwa waliopigwa upande wa kulia wa ubongo watakutana na jambo ambalo kwetu halikuwepo: mgonjwa anausahau upande wake wa kushoto. Anakula nusu ya sahani, ananyoa nusu ya uso, anagonga miimo ya milango. Hafanyi kusudi wala si macho. Mwelekezeni kichwa kushoto, tena na tena.

Kwa nini analia bila sababu?

Wakati mwingine analia kwa sababu ipo, na ni nzito. Lakini ubongo ulioumia unaweza pia kufungulia machozi au kicheko pasipo huzuni wala furaha. Mume wangu alilia kwa tangazo la sabuni, akawa ananitikisia kichwa huku machozi yakimtoka, kunijulisha kwamba hana huzuni. Ukibadilisha mada huwa yanakatika.

Sonona ni jambo lingine. Huwapata karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi. Kama hataki mazoezi, halali au analala mchana kutwa, na hakuna anachokifurahia kwa wiki mbili au zaidi, semeni hospitali. Hutibika. Sisi tulichelewa miezi mitano tukiiita "kukata tamaa" na kumpa mawaidha.

Anaonekana mzima. Mbona anachoka hivyo?

Hili swali huulizwa na wakwe na wafanyakazi wenzake. Kufuata maongezi ya watu wanne kwa nusu saa kunamchosha kuliko mimi ninavyochoshwa na siku nzima ya hesabu. Uchovu huu haupimwi kwa jasho, na usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Analala saa nane mchana, kila siku, hata kama kuna wageni. Wageni wamezoea.

Nani kati yenu aliacha kazi?

Hakuna, ingawa barua yangu ya kuacha kazi niliiandika wiki ya tatu na ikakaa kwenye kompyuta hadi leo. Ushauri wangu, na hapa nasema kama mtu wa hesabu: usiache kazi katika miezi mitatu ya kwanza kama unaweza kuomba likizo ya aina yoyote, hata isiyo na malipo. Wakati huo hujui atarudi kiasi gani, matibabu yanahitaji pesa, na mshahara uliobaki ni mmoja. Someni bima zote mlizo nazo, pamoja na zile za kazini za ulemavu, na mtazame siku za mwisho za kudai.

Sasa aibu yangu. Mimi nakagua vitabu vya kampuni za watu, lakini nyumbani mume wangu ndiye aliyekuwa akilipa kila kitu, na nywila zote zilikuwa kichwani mwake. Kichwa kile kikafungwa. Hakuweza kuzitamka wala kuziandika. Benki ilitaka saini, na mkono wa saini ndio uliopooza. Tulikaa wiki nne tukiwa na pesa tusizoweza kuzigusa. Kama nyinyi nyote wawili bado ni wazima, wekeni leo orodha ya akaunti mahali salama panapojulikana na wote, na mwandikiane hati ya kumruhusu mwenzio kutenda kwa niaba yako usipoweza. Mume wangu alikuwa akiwaandalia wateja hati hizo kila juma. Yake hakuwa nayo. Mstari huu alitaka kuukata, nimeurudisha.

Alirudi kazini?

Baada ya miezi kumi na minne. Alianza na asubuhi tatu kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, bila mahakama. Anapitia mikataba, akiweka rula chini ya mstari ili jicho lisipotee. Kitu ambacho zamani alikisoma kwa nusu saa sasa ni asubuhi nzima, lakini kosa bado analiona. Hasimami tena kutetea mbele ya hakimu. Hilo tumelizika, na tulilifanyia matanga yake, si kwa siku moja.

Wakubwa wake walikuwa na nia njema, na nia njema ilikuwa tatizo. Mara walimpa kazi za kitoto, mara walimrushia faili nene wakisema "si umepona?" Kilichosaidia ni karatasi moja yenye makubaliano: saa ngapi, kazi gani, mapumziko lini, nani wa kumwuliza, na tarehe ya kupitia upya. Ombeni pia apimwe kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga mambo kabla hajarudi. Mguu unaochechemea kila mtu anauona. Kushindwa kupanga kazi tatu kwa mfuatano hakuonekani, mpaka kitu kiharibike.

Kuendesha gari ni suala la daktari na la sheria ya mnakoishi, wala lisiamuliwe na hamu ya mtu.

Na chumbani?

Huulizwa kwa sauti ya chini, tena simu ikikaribia kukatwa. Hali ikishatulia, madaktari kwa kawaida hawazuii, na uwezekano wa tendo la ndoa kuleta kiharusi kingine ni mdogo. Muulize daktari wenu, atakuwa ameshaulizwa. Baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza hamu au nguvu. Zinaweza kubadilishwa, ila msiziache kimyakimya. Wala asinunue vidonge vya nguvu za kiume kwa siri: vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka vibaya.

Kwetu kizuizi hakikuwa mwili. Nilikuwa namwogesha asubuhi, namkata kucha, namhesabia vidonge, na usiku sikuweza kugeuka tena kuwa mke. Yeye naye aliona haya mbele yangu. Tulipopata mtu wa kumsaidia kuoga, kitu kikalegea ndani yetu wote wawili ndani ya mwezi. Kama mnaweza kumpa mtu mwingine kazi moja tu, mpeni hiyo.

Mnagombana?

Ndiyo, tena vizuri. Mwaka wa kwanza sikugombana naye hata kidogo, nikijiona mwema. Kugombana na mtu asiye na maneno ni kumpiga aliyefungwa mikono, nilijiambia. Yeye akachukia kuliko kama ningempigia kelele. Sasa sheria ni kwamba mwenye maneno mengi anaandika hoja zake kwenye karatasi, mwisho tatu, halafu anangoja jibu.

Kitarudi tena?

Kinaweza, na hatari huwa kubwa zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Kinachosumbua zaidi duniani ni presha. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa kushusha presha kwa dawa baada ya kiharusi kulipunguza viharusi vya kurudia kwa asilimia 28. Daktari wetu ametuwekea lengo la chini ya 130/80, tunapima nyumbani na kuandika.

Chanzo cha kwetu kiligunduliwa wiki ya tatu, kwa mashine ndogo ya kurekodi mapigo ya moyo: vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka bila mpangilio, damu inatuama humo na kuganda. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Sasa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na dozi hairukwi. Dalili zikija zikaondoka zenyewe ndani ya dakika kumi, bado ni hospitali siku hiyohiyo. Hilo ni onyo, na wengi hulishukuru kwa kwenda kulala.

Watoto waambiwe nini?

Ukweli, kwa maneno machache. Wetu walielewa upesi kuliko watu wazima. Mdogo ndiye aliyebuni mchezo wa kumpa baba herufi ya kwanza ya neno.

Na wewe, unaendeleaje?

Swali hili huulizwa mara chache, nimeliweka mwenyewe. Nilianza kupima presha yangu mwaka wa pili, baada ya kuanguka ofisini. Ilikuwa juu. Alhamisi jioni siko nyumbani, na sisemi niko wapi.

Tunaweza kuwapigia simu?

Karibuni, baada ya saa kumi na moja jioni, akishaamka. Akipokea yeye na msisikie kitu, msikate mkidhani mtandao umekatika. Yuko hapo, anatafuta neno.